Kilima cha Jirani na Mawe ya Ziwani: Ushirikiano wa Wenyeji na Mipango ya Kutunza Bioanuwai katika Mji wa Kigoma-Ujiji

Neno "bioanuwai", yaani wingi na utofauti wa viumbe hai katika mahali fulani, limekwisha kuingia katika hotuba za viongozi wetu, wa serikali na wa Kanisa pia. Lakini mtumishi aliyewekwa katika kata ya Gungu, mjini Kigoma, akilisikia neno hili mawazo yake huruka mbali mara moja. Huwakumbuka sokwe wa Gombe na misitu ya Mahale. Ni nadra afikirie mfereji upitao nyuma ya nyumba yake, au uwanja mtupu wa kanisa ambao mvua ya kwanza ya Novemba huuchonga na kuchukua udongo wake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwa mji huu wa ziwani hesabu ya viumbe huanzia hapo uwanjani, na kwamba mipango ya kuwatunza haiwezi kufanywa na ofisi moja peke yake, wala na Kanisa peke yake.

Viumbe wa mji huu wako wapi?

Tuanze na ziwa, maana bila hilo hatutaelewa lolote. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 hivi, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Urefu wake ni zaidi ya kilometa 650, na maji yake hugawanywa na nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Ndani yake mna samaki wa jamii ya sikilidi, ambao ni ndugu wa sato na perege tunaowafahamu, zaidi ya spishi 200. Na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Miongoni mwao ni kuhe, mkubwa kupita wote wa jamii hiyo. Hali kadhalika wako konokono, kaa na kamba wa aina za pekee.

Mtu akitazama ukubwa huo wa maji huweza kudhani kwamba viumbe hao wana nafasi isiyo na mwisho. Sivyo. Maji ya chini ya ziwa hili hayana oksijeni. Kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 kwenda chini, kutegemea mahali, samaki hawezi kuishi. Dagaa na migebuka huishi katika maji ya juu yaliyo wazi, lakini wengi wa samaki wa pekee hukaa kandokando, penye mawe na miamba, katika maji mafupi yanayofikiwa na jua. Kwa hiyo uhai wa ziwa hili kubwa umefungwa katika utepe mwembamba kando ya ufuko. Tena utepe huo umekatika vipande vipande. Wako samaki wadogo wa miambani, ambao wataalamu huwaita Tropheus, wasiopenda kuvuka mchanga wala kilindi. Basi kila kipande cha mwamba kina watu wake, kama tungeweza kusema hivyo, na rangi yao hubadilika kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Kipande kimoja kikiharibika, hakuna jirani atakayekuja kuziba pengo.

Je, kipande huharibikaje? Si lazima kwa sumu wala kwa nyavu. Udongo unatosha. Mawe ya ziwani yamefunikwa na mwani mwembamba wa kijani, ambao ndio malisho ya samaki na konokono. Udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mlimani ukishuka na kutua juu ya mawe hayo, mwani hukosa jua, mlaji hula mchanga badala ya chakula, na matundu yaliyo kati ya jiwe na jiwe, ambamo samaki huficha mayai na watoto, huzibwa. Uchunguzi uliofanywa na Andrew Cohen na wenzake, ambao ulichapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba sehemu zilizopokea udongo mwingi kutoka nchi kavu zilikuwa na aina chache za viumbe kuliko sehemu ambazo milima yake ilikuwa na miti. Baadaye, kuanzia mwaka 1998, wanafunzi wa Kiafrika na wa Marekani walifundishwa utafiti wa namna hiyo mjini Kigoma, kwa ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), katika mpango ulioitwa Mradi wa Nyanza. Na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulieleza jambo ambalo mkulima yeyote angelikubali bila darubini: kwamba hifadhi zilizotengwa kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, kama Gombe na Mahale, zinawasaidia pia samaki walioko mbele yake.

Kwa maneno mengine, mlima ukiwa salama, mawe nayo ni salama. Hapo ndipo kata kama Gungu inapoingia katika habari hii. Ni mahali pa nyumba za watu, shule, vioski na barabara; hapana simba wala sokwe. Lakini mvua inayoanguka juu ya mapaa yake hutafuta njia ya kuteremka, na njia hiyo kwa kawaida huishia ziwani.

Mafunzo ya vijijini, na kwa nini hayatoshi mjini

Mkoa wa Kigoma si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi ulioitwa TACARE katika vijiji vya mwambao wa kaskazini mwa mji. Bibi Goodall mwenyewe, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki dunia mwaka 2025, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoruka kwa ndege ndogo juu ya eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuona hifadhi imebaki kama kisiwa cha kijani katikati ya vilima vitupu. Mradi ulianza na vijiji 12, ukafikia 24. Linalostahili kuangaliwa na sisi watumishi ni namna ulivyoanza. Wananchi waliulizwa haja zao, nao hawakutaja sokwe. Walitaja afya, maji safi, na shule za watoto. Mradi ukalazimika kuanzia hapo, na miti ikaja pamoja na hayo. Naona hekima kubwa katika kukubali kuanza na jambo ambalo mfadhili hakulijia.

Baadaye vijiji vile vilitengeneza mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao wenyewe. Sehemu nyingine hawakupanda hata mche mmoja: waliacha visiki vya miombo vichipue, wakazuia moto, na kilima kikarudi. Kazi hiyo ilipata nguvu kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ardhi ya kijiji.

Hapa ndipo wapendao kuhamisha mifano wanapojikwaa. Mtaa wa mjini si kijiji. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una mkutano wake wa wakazi, lakini hauna ardhi. Ardhi ya mjini iko chini ya halmashauri na sheria za mipango miji, na kila kiwanja kina mwenyewe, au wenyewe wawili wanaogombana. Mkutano wa mtaa katika Gungu ukiazimia leo kwamba bonde fulani liwe la miti, azimio hilo peke yake halimzuii mwenye hati kuchimba msingi kesho. Basi mjini kila jambo lahitaji makubaliano: kati ya wenye viwanja, mtaa, kata, idara ya mipango miji, mamlaka ya maji, shule, na nyumba za ibada, ambazo mara nyingi ndizo zenye viwanja vikubwa kuliko vya jirani zao.

Ngazi za juu nazo zimefanya sehemu yao. Kati ya mwaka 1995 na 2000 ulikuwako Mradi wa Bioanuwai wa Ziwa Tanganyika, uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Umoja wa Mataifa. Matunda yake yalikuwa Mkataba wa nchi nne, uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na kisha Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Desemba 2022 mataifa yaliyokutana Montreal yalikubaliana juu ya malengo ya bioanuwai, na lengo la 12 linahusu miji hasa: maeneo yake ya kijani na ya maji yaongezwe na kuunganishwa. Hayo yote ni mema. Hata hivyo mkataba wa mataifa manne hauwezi kujua kwamba korongo moja nyuma ya shule limepanuka na kumeza njia ya watoto. Anayejua ni mama anayelivuka kila asubuhi.

Njia ya maji haijui mpaka wa kata

Ugumu wa kupanga mambo haya unatokana na jambo moja rahisi. Ofisi zetu zimegawanywa kwa mipaka, bali maji hugawanywa kwa miteremko. Korongo moja huweza kuanzia katika mtaa mmoja, likapita katika mingine, likaingia kata nyingine, na kufika ufukoni ambako wasimamizi ni watu wa uvuvi. Kila mmoja huona kipande chake. Wa juu hulalamika kwamba taka hazizolewi, wa kati kwamba kuta za nyumba zinapasuka, wavuvi kwamba maji ya pwani yamechafuka. Wote husema juu ya korongo lile lile bila kujua.

Kuanzia mwaka 2010 Kigoma-Ujiji ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji Mkakati, uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia, na barabara za lami pamoja na mifereji ya mvua zikajengwa. Hakuna mwenye akili atakayeyasikitikia hayo. Lakini mfereji wa saruji una tabia yake: huokoa barabara na papo hapo huharakisha maji. Mvua iliyokuwa ikizama taratibu katika shamba la mihogo sasa hukimbia juu ya bati, lami na saruji, na inapofika mwisho wa mfereji ina nguvu ya kuchimba. Kwa hiyo mji unavyoendelea ndivyo unavyohitaji zaidi sehemu za kuzamisha maji. Sehemu hizo ni bustani, vibanzi vya majani, miti ya kivuli, na mabonde yaliyoachwa wazi. Tuziite mapafu au sifongo za mji, si neno. Muhimu ni kwamba haziwezi kupatikana baada ya viwanja vyote kukwisha kugawiwa.

Jambo la mita 60

Lipo suala moja zito ambalo watumishi wa Kanisa hawawezi kulikwepa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria hii ni njema kwa samaki wa mawe. Ila walio wengi ndani ya mita hizo, na katika mabonde hatari ya mjini, ni watu waliokosa kiwanja mahali pengine. Uhifadhi ukija kwao kwanza kwa sura ya alama nyekundu ukutani, neno "bioanuwai" litakuwa kwao jina jingine la kufukuzwa.

Tena ukingo wenyewe hautulii. Mnara wa kumbukumbu ya Livingstone huko Ujiji, panapotajwa kuwa ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871, leo uko mbali kidogo na maji, kwa sababu ziwa lilikuwa juu zaidi siku zile na likashuka baadaye. Kinyume chake, miaka hii ya karibuni, mathalani 2021 na 2024, maji yamepanda na kuvamia nyumba na miundombinu ya mwambao, si Kigoma tu bali Burundi na Kongo pia. Mpima ardhi aanzie wapi kuhesabu mita zake? Swali hili halijibiwi na mchungaji. Lakini mchungaji anaweza kudai kwamba lijibiwe hadharani, ramani ikiwa imetandikwa mezani, kabla ya mtu kuvunjiwa. Na kwamba mpango wa kulinda bonde uoneshe pia mahali watakapokwenda waliomo bondeni. Mpango usiokuwa na ukurasa huo haujakamilika, hata kama ramani zake ni nzuri.

Mkate wa kila siku

Baadhi ya wasomaji watauliza kama kazi hii ni yetu. Kwa kawaida sisi Walutheri hukimbilia Mwanzo 2:15, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na fundisho la uwakili hujengwa juu ya hapo. Ni fundisho la kweli. Lakini kwa shauri la mji naona Katekisimo Ndogo inatufaa zaidi. Luther akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana hakuishia kwenye chakula. Alihesabu katika mkate wa kila siku hata serikali njema, hali nzuri ya hewa na majirani waaminifu. Ajabu iliyoje, kwamba mfereji uliochimbwa vizuri na kikao cha kata kilichoendeshwa kwa haki vinaingia katika sala tunayoomba kila Jumapili! Na katika amri ya saba hakuona kwamba yatosha kutokuiba. Alitaka tumsaidie jirani kuihifadhi mali yake. Jirani aliye chini ya mteremko wangu hupoteza udongo, ukuta na samaki kwa maji ninayomwachia. Agano la Mwanzo 9 nalo halikufanywa na Nuhu peke yake, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Hata Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani huko Windhoek, Mei 2017, uliweka tamko kwamba uumbaji hauuzwi sambamba na tamko kwamba wokovu hauuzwi.

Papo hapo fundisho letu la tawala mbili linatuonya tusijifanye halmashauri. Kanisa halitoi vibali vya ujenzi. Ni mkazi mmoja kati ya wakazi, mwenye kiwanja na paa.

Na tuanze na paa hilo. Kanisa lenye paa la mita za mraba 400 likipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja humwaga lita 20,000. Katika mji unaopata kama milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hushusha karibu lita 400,000. Zikiachwa, hizo ni shoka la kuchimbia korongo. Zikikingwa katika matangi au kuelekezwa katika mashimo ya kuzamisha, ni maji ya miche na ya jirani. Usharika uliokwisha kufanya hivyo ukisimama katika kikao cha kata, husikilizwa. Usiofanya, afadhali unyamaze kwanza.

Kigoma-Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi tangu zamani za misafara, na miembe mikubwa ya Ujiji ni kumbukumbu ya siku hizo. Msikiti na kanisa huweza kutazamana kila mmoja ng'ambo yake ya korongo. Kwa hiyo ushirikiano wa wakristo peke yao katika jambo hili hauna maana hata kidogo. Imamu anajua habari ya maji ya udhu kama tunavyojua ya ubatizo, na makaburi ya pande zote mbili ni miongoni mwa sehemu chache mjini ambapo watu huona haya kukata mti. Kule pwani ya Kenya heshima ya namna hiyo ilizihifadhi kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Makaburi ya mjini yanaweza kuingizwa katika ramani ya mipango kama maeneo ya miti ya asili, bila gharama ila ya ridhaa ya wenyewe.

Mfano wa Kilutheri tunao Kilimanjaro, ambako Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini aliitwa "Askofu wa Miti", na wanafunzi wa kipaimara huko hupanda miti kama sehemu ya mafundisho yao. Waalimu wa kipaimara wa Kigoma wanaweza kuufuata, kwa tahadhari moja. Kuhesabu miti si kuhesabu bioanuwai. Safu ya mikaratusi iliyonyooka huweza kushika kilima, lakini ndege na nyuki hupata kwake kidogo. Penye kisiki cha miombo kinachochipua, kukilinda ni kazi bora kuliko kupanda mgeni kando yake.

Namna ya kuanza

Mpango wa mtaa una mlango wake rasmi, nao ni utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao umetumiwa na halmashauri zetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa utaratibu huo wakazi huibua vipaumbele, vikapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kupanda hadi halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, lakini bajeti hujadiliwa miezi mingi kabla. Asiyefika mapema hukuta meza imekwisha kufutwa. Kwa hiyo wakati mwafaka wa kutembea korongoni ni Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, na tena Januari kuona mvua imefanya nini. Watembee pamoja, tangu juu hadi majini: wenyeviti wa mitaa yote inayopitiwa, ofisa mipango miji, mwalimu mmoja na wanafunzi wake, imamu, mchungaji, na wavuvi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, ambao wawe wenyeji wa mwisho wa safari. Wachore kila wanachokiona katika karatasi moja: penye takataka, penye mti wa zamani, penye nyumba iliyo hatarini, penye chemchemi. Karatasi hiyo moja ndiyo ikapelekwe katika vikao vya kata zote zinazohusika, ili kila diwani aone kipande cha mwenzake.

Kisha kuna mambo madogo ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo huvunja ushirikiano kuliko tofauti za imani. Miche hupandwa mvua zikiwapo, mbele ya wageni na wapiga picha, na hufa kati ya Juni na Septemba wakati hakuna atazamaye. Yafaa iandikwe mapema, kwa majina, ni nani anayemwagilia katika miezi hiyo minne, maji yanatoka katika tangi la nani, ufunguo wa bomba unakaa kwa nani, na jirani asiye wa usharika atachota ndoo ngapi kabla ya miche kupewa zamu yake.